Kabla ya kurusha laivu: fomati za kadi ya kapcha

Skrini ikibaki nyeusi waumini wameshaketi, fundi hukimbilia kubadili waya. Mara nyingi waya hauna kosa. Kamera inatoa fomati moja (ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde), na kadi ya kapcha, ile inayoingiza picha ya kamera kwenye kompyuta, imewekwa isubiri nyingine.

Kwa hiyo anza na kamera. Fungua menyu uone inatoa nini kwenye tundu la video la HDMI au SDI, maana si lazima kiwe kile inachorekodi kwenye memori kadi. Umeme wetu Afrika Mashariki ni hezi 50, basi chagua PAL, yaani fremu (picha moja moja) 25 au 50 kwa sekunde. Kamera iliyoletwa kutoka Marekani huwa kwenye NTSC, 29.97 au 59.94, na baadhi ya taa za ukumbini zitapepesa kwenye picha. Badilisha ukiwa nyumbani, kwa kuwa kamera nyingine hudai kufomati memori kadi kwanza. Ondoa pia maandishi ya betri na fokasi yasitoke na picha.

Halafu soma herufi, si namba tu. 1080i50 na 1080p50 ni vitu viwili: ya kwanza hutuma mistari ya witiri na ya shufwa kwa zamu, ya pili hutuma fremu nzima 50. Kadi nyingine hutambua zenyewe. Isiyotambua itakuonyesha giza hadi uchague mwenyewe. Mtego ni PsF: kamera inapiga 25p, yaani fremu nzima 25, lakini inaisafirisha kama 1080i50. Hapo usiwashe diintalesi (kuunganisha mistari ya zamu iwe fremu nzima), utapoteza ukali wa picha bure. Kwenye SDI, 1080p50 inahitaji vifaa vya 3G-SDI (si 3G ya simu) kuanzia kamera hadi kadi.

Kadi za bei chee zilizoandikwa “4K” huwa zinaipokea 4K, lakini zinachoipa kompyuta ni 1080p. Piga hesabu: 1080p25 ya YUY2, yaani video isiyobanwa, hula takriban megabiti 829 kwa sekunde, na USB 2.0 mwisho wake ni 480. Ndiyo maana kadi ya USB 2.0 hubana kwa MJPEG, kila fremu kama picha ya JPEG. Ukitaka YUY2, tumia kadi ya USB 3.0 na uichomeke kwenye tundu la USB 3.0.

Kwenye OBS, programu ya kurushia laivu, ukiiacha fremu 30 huku kamera ikitoa 25, mwendo utakuwa wa kugugumia. Weka 25 au 50, sauti 48 kHz. Weusi ukionekana kijivu, linganisha kiwango cha rangi (namba za kutoka nyeusi hadi nyeupe): 16–235 au 0–255, kwenye kamera na OBS iwe sawa. Ukichomeka PlayStation 4 au 5, zima HDCP, kinga ya kuzuia kunakili video, kwenye mipangilio yake.

Projekta inayolishwa na kadi ijaribiwe kwa fomati ileile. Zipo zinazokubali hezi 60 tu, na hapo utahitaji konveta, kifaa cha kubadili fomati. Mwisho rekodi dakika chache mtu akipiga makofi mbele ya kamera. Sauti ikitangulia picha, icheleweshe kidogo kidogo kwa milisekunde hadi kofi lisikike viganja vinapokutana.