Mkopo wa mchuuzi wa dagaa Kigoma: hesabu mwezi wa angani kwanza

Mikopo midogo mingi hudaiwa kila wiki, au kila mwezi tarehe ileile. Dagaa hawajui tarehe. Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa gizani tu. Mbalamwezi ikishakuwa kali, mitumbwi hukaa nchi kavu wiki moja hivi, pengine zaidi. Mchuuzi wa Kibirizi au Katonga aliyesaini kurejesha kila Jumatatu atakutana na Jumatatu ambayo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hamna kitu, na siku hiyo rejesho litatoka kwenye mtaji.

Basi kabla ya kujaza fomu yoyote, chukua kalenda na uzungushie duara kila siku ya mwezi mpevu kwa miezi 6 ijayo. Siku tatu au nne kabla ya duara na nyingine kama hizo baada yake, andika "hakuna mzigo". Kisha muulize afisa uvuvi kama ziwa litafungwa. Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Aliyekopa Machi kwa miezi 6 mwaka ule, nusu ya marejesho yake iliangukia kwenye kufungwa. Nenda na kalenda hiyo kwa mkopeshaji, uombe marejesho makubwa wiki za giza na madogo wiki za mbalamwezi. Kikundi cha kukopeshana cha jirani zako kitakuelewa upesi. Kampuni nyingi zitakataa, na hapo utajua mkopo ule haukutengenezwa kwa ajili ya dagaa.

Kiasi cha kukopa kitoke kwenye mzunguko mmoja: kununua, kuanika, kusafirisha, kuuza, hadi pesa irudi mkononi. Kosa la kila siku ni kulinganisha bei ya kilo mbichi na bei ya kilo kavu. Kilo 3 hadi 4 za dagaa wabichi hutoa kilo 1 tu ya wakavu. Tuseme kilo mbichi ni shilingi 2,000: kilo kavu imeshakula 6,000 hadi 8,000 kabla ya nauli, ushuru na mifuko. Ukiona bei ya sokoni haifiki huko, usikope kabisa kwa mzunguko huo.

Sehemu ya mkopo wa kwanza iende kwenye chanja, kabla hata ya kuongeza mzigo. Dagaa walioanikwa mchangani huuzwa kwa bei ya chini, kwa sababu mnunuzi huwasugua kiganjani na kusikia changarawe. Chanja haina gharama kubwa: nguzo za miti, fito, na nyavu chakavu za dagaa zilizovutwa zikakaza. Iinue kufika kiunoni, mbwa na kuku wasifike na upepo upite chini. Upana usizidi mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Tandaza dagaa wasilaliane, na uwageuze mapema kabla hawajagandana na wavu. Jua kali huwamaliza kwa siku moja. Jioni mchukue mmoja umkunje: akivunjika kwa mlio, yuko tayari; akijipinda, bado ana maji, na humo ndani ya gunia ataota ukungu na kuharibu wenzake. Mvua za Novemba hadi Aprili ndizo hutia watu hasara, kwa hiyo miezi hiyo nunua kidogo na uwe na turubai karibu.

Ukiweza, bakiza gunia moja au mawili ya kavu kila giza. Wabichi wakiadimika wakati wa mbalamwezi, hilo gunia ndilo litakalolipa rejesho.

Riba sasa. Uliza swali moja: inakokotolewa kwenye mkopo wote au kwenye salio? Chukua 600,000 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote ni 21,000 kila mwezi, jumla 126,000. Ikihesabiwa kwenye salio huku ukirudisha 100,000 kila mwezi, jumla ni 73,500. Asilimia ni ileile, tofauti ni 52,500. Halafu kuna kausha damu: unaandikiwa 100,000, unakatwa 5,000 ya fomu, unarudisha 4,500 kila siku kwa siku 30. Umepokea 95,000 na kulipa 135,000. Hakuna dagaa wa kubeba hiyo.

Mahali pa kuanzia ni kikundi cha kuweka na kukopa. Mwanachama hununua hisa kila wiki na kwa kawaida hukopa hadi mara tatu ya hisa zake. Kagua mambo mawili kabla ya kujiunga: sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida kama misiba na magonjwa, hauchanganywi na fedha za mikopo. Mikopo ya halmashauri haina riba. Hutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni mkopo mzuri, ila usiupangie siku: ulisitishwa 2023 ukarudi 2024, na waliokuwa wameshaagiza mzigo waliumia.

Wachuuzi wa mawese nao wasisahaulike. Mkopo wa miezi 6 unafaa kununulia chikichi za kukamua, haufai kupandia michikichi. Hata tenera, mbegu chotara ya mchikichi, huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa.

Rejesho likikushinda, mwone mweka hazina wa kikundi kabla ya siku ya kikao, ukiwa na daftari la mauzo na chochote ulicho nacho, hata 10,000. Kwa kawaida utaongezewa wiki. Anayejificha hadi wadhamini wake walipishwe, mwezi ujao hana wa kumdhamini.