Gari ya spoti ya zamani: ya asili au nakala? Kwa mnunuzi wa Lubumbashi

Tuchukue Porsche 356 Speedster. Za asili zilitoka kati ya 1954 na 1958, na leo bei yake ni mamia ya maelfu ya dola. Nakala inauzwa makumi ya maelfu, na nyingi zimejengwa juu ya shasi ya Volkswagen Coccinelle, ambayo mafundi wengi wanaielewa. Ukitaka kuiendesha katika mashimo na udongo mwekundu wa kwetu, chukua nakala. Ya asili ni mali ya kufungia garajini.

Anza na sumaku. Bodi ya Speedster ya asili ni chuma. Sumaku isiposhika popote, hiyo ni fiba (plastiki yenye nyuzi za kioo), yaani nakala. Ikishika hapa na kuachia pale, kuna mastiki nene (ya kuziba mabonde) chini ya rangi. Kwa AC Cobra, spoti nyingine ya zamani, sumaku haikusaidii, maana bodi ya asili ni aluminiamu. Papasa ndani ya bawa la gurudumu: fiba ina nyuzi.

Kisha soma namba kwenye tuneli ya shasi (mgongo ulioinuka katikati ya sakafu), pale palipokuwa kiti cha nyuma cha Coccinelle, uilinganishe na carte rose (hati ya gari). Karatasi ikisema Porsche na namba ni ya Volkswagen, usitoe hata dola ya arabuni.

Sasa ingia chini, hapa ndipo pesa hupotea. Kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma Coccinelle ina mm 2,400, 356 ina mm 2,100. Kwa hiyo shasi ilikatwa karibu sm 30 ikachomelewa tena. Inua kapeti utazame mshono: kutu au ufa, ondoka. Mirija ya kebo ndani ya tuneli nayo ilifupishwa; ikiwa imepinda, ambriyaji (klachi) huwa nzito na kebo hukatika. Nyufa za fiba kwenye bawaba za milango zinaonyesha shasi inajipinda.

Mwisho, injini. Inapozwa na hewa, kwa hiyo mipira inayoziba nafasi kuizunguka lazima iwepo. Kwenye nakala mara nyingi haipo, hewa moto inarudi kwenye feni na injini inaungua polepole. Nafasi ya valvu ipime injini ikiwa baridi, iwe mm 0.15. Mafuta lita 2.5 tu, yabadilishwe kila km 5,000, mapema zaidi wakati wa vumbi. Buji zikitoka nyeusi, mwambie fundi apunguze jikleri (tundu la kupitisha esansi kwenye kabureta): mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na esansi inazidi.