Somo: Kuitetea bustani ya kihistoria England ombi la ujenzi likiingia

Wakuu, wengi hudhani bustani ikishaingia kwenye orodha ya taifa, hakuna wa kuigusa. Orodha ya England ilianza miaka ya 1980 na ina bustani zaidi ya 1,600, lakini haina kufuli. Inaongeza uzito tu mezani pa ofisa mipango, na uzito huo usipoutumia wewe, unalala. (Scotland na Wales wana taratibu zao.)

1. Tafuta daraja. Ni I (ya juu kabisa), II* au II. Sera ya taifa ya mipango inataka madhara makubwa kwa bustani ya daraja la II yawe ya nadra. Kwa I na II*, nadra kabisa. Linukuu hilo kwenye barua yako ya pingamizi.

2. Isome bustani kabla ya kulisoma ombi. Simama pale msanifu alipotaka usimame, mara nyingi dirishani mwa jumba kuu. Bustani za karne ya 18, za kina Capability Brown, msanifu bustani maarufu wa Kiingereza, zina kitu kinaitwa haha: mtaro uliozama, upande mmoja ukuta, upande wa pili mteremko wa nyasi. Ng'ombe havuki, na wewe uliye dirishani huoni uzio. Nyasi zinateleza hadi malishoni kana kwamba ni shamba moja. Mtu akijenga huko malishoni hajakata hata mti mmoja, ila kazi yote ya mtaro ule imekwisha. Barua nyingi zinafeli hapa, zinahesabu miti tu.

3. Andika. Picha kutoka dirishani, alama kwenye ramani, na maelezo ya kinachopotea. Bei ya nyumba yako usiitaje, haizingatiwi. Muda wa maoni kwa kawaida ni siku 21.

Maswali

*Mkuu, jengo liko nje ya mpaka wa bustani. Tuna hoja?*
Mnayo. Sera inatazama pia mazingira yanayoizunguka.

*Yetu haimo kwenye orodha.*
Yeyote anaweza kupeleka pendekezo Historic England, taasisi ya umma inayoshughulikia urithi wa kihistoria. Ulizeni pia kama halmashauri ina orodha yake. Uzito wake ni mdogo, lakini upo.

*Mjenzi anasema atapanda miti kulificha jengo.*
Muulize miti gani. Ikiwa ya kupukutisha majani, Januari jengo liko wazi. Ikiwa isiyopukutisha, imeziba mandhari yaleyale mnayoyatetea.