Kaa kwenye kiti kwanza, ndipo uchore dirisha

Unayepanga nyumba ya familia inayofunguka kuelekea bustani au miti, usikimbilie ukuta mzima wa kioo. Beba kiti hadi kiwanjani, ukae pale sebule itakapokuwa.

Macho ya mtu mzima aliyeketi huwa kama sentimita 110 kutoka sakafuni. Ya mtoto yako chini zaidi. Dirisha likianzia sentimita 90, aliyesimama ataona sehemu kubwa ya bustani, lakini aliyekaa mita 3 kutoka dirishani hataona ardhi iliyo karibu: zaidi ya mita 10 za mwanzo za bustani zinamezwa na ukuta. Maua yote uliyopanda hapo ni ya wapita njia tu. Anzisha dirisha kwenye sentimita 45, unene wa ukuta ukiruhusu, na kizingiti chake kinageuka benchi (watoto watagombea kulikalia). Kioo cha chini hivyo kiwe kile kigumu cha usalama.

Jua la magharibi ni suala jingine. Alasiri linashuka na kupita chini ya paa, hata upenu uwe mrefu namna gani. Upande huo mimi ningepanda mti au kuweka mbao za wima, na kioo kikubwa nikakielekeza kwingine.

Mlango wa kutokea nje usiwe na ngazi kama mvua inaruhusu. Weka mfereji mwembamba wenye wavu mbele yake, maji ya mvua yasiingie ndani.