Kabla ya Kuongeza Taa, Pigia Hesabu Saketi Yake

Anza kwa kujua nini kinakula umeme kwenye saketi ya taa, yaani waya na vifaa vyote vinavyolishwa na breka moja. Zima breka ya taa, kisha pita chumba kwa chumba ukiwasha swichi zote na kujaribu kila soketi, kisichowaka kiandike. Mara nyingine utakuta feni ya dari, au soketi iliyovutiwa waya kutoka kwenye swichi ya taa. Soketi ya namna hiyo ni ya kuiogopa. Pasi ya wati 2000 huvuta karibu ampia 8.7, na atakayeichomeka hana habari kwamba anatumia waya wa taa.

Kisha soma namba ya breka na uhakikishe unene wa waya. Saketi nyingi za taa zina waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 na breka ya ampia 6 au 10. Zidisha volti kwa ampia upate wati: kwenye volti 230, breka ya ampia 6 inabeba wati 1380. Usiujaze uwezo wote. Taa huwaka saa nyingi mfululizo na joto hujikusanya, kwa hiyo tumia asilimia 80, yaani wati 1104.

Kujumlisha mzigo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanahesabu balbu iliyopo leo. Holda yenye LED ya wati 9 inaweza kesho kuwekwa balbu ya wati 100, na hakuna atakayekuja kukuuliza. Kila holda iliyo wazi ihesabu wati 100. Taa ya LED isiyobadilishwa balbu ihesabu kwa wati zilizoandikwa juu yake. Holda 8 ni wati 800, feni 75, taa 6 za LED za wati 12 ni 72. Jumla 947. Zimebaki 157, kwa hiyo ongeza holda moja, si mbili.

Breka ikiruka wakati jumla ni ndogo, huenda ni LED nyingi zinazowashwa na swichi moja: zinapowaka huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana. Zigawe kwenye swichi kadhaa, au fundi akague kama breka ya aina C, inayovumilia zaidi mvuto huo wa ghafla, inafaa, kwa ampia zilezile.

Kubadilisha breka ya 10 kuweka ya 20 ili "isisumbue" ni kosa linalochoma nyumba. Breka haikati pale pale namba yake inapopitwa. Ya ampia 20 inaweza kuachia ampia 29 zipite kwa muda unaokaribia saa nzima. Waya wa 1.5 uliobanwa na wenzake ndani ya bomba hauvumilii hivyo.

Angalia pia holda zenyewe, maana breka haizioni. Kivuli cha taa kilichoandikwa mwisho wati 60 kikiwekwa balbu ya 100, umeme huongezeka ampia 0.17 tu. Breka haina la kushtukia, lakini joto linapika ganda la waya hadi linageuka kahawia na kumeguka ukiligusa kwa kidole. Swichi yenye joto, taa inayopepesa au harufu ya plastiki iliyoungua mara nyingi ni skrubu iliyolegea: pale waya unapogusa kidogo, ndipo joto linapozaliwa.

Kabla ya kufungua chochote, zima breka. Swichi ya ukutani haitoshi. Kama ilifungwa kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme), holda bado ina umeme hata taa ikiwa imezimwa. Jaribu testa kwenye soketi yenye umeme, kisha kwenye holda, kisha rudi tena kwenye soketi ile, usije ukaamini testa iliyokufa.

Ukimaliza, bandika ndani ya mfuniko wa boksi la breka karatasi yenye ampia za breka, unene wa waya, orodha ya taa na wati zilizobaki.