Mtoto anayeumwa kila mara: anza na daftari

Nimekuwa muuguzi wa watoto kwa muda mrefu. Mzazi akiniambia "huyu haponi", kwanza namuuliza: kati ya ugonjwa mmoja na mwingine, mtoto anachangamka? Anacheza, anakula, anaongezeka uzito? Mtoto mdogo anayechanganyika na wenzake anaweza kushikwa na mafua hata mara 8 kwa mwaka. Inachosha sana, lakini ni kawaida.

Nashtuka, na kuhofia kwamba kinga ya mwili wake ni dhaifu, nikisikia nimonia mara 2 ndani ya mwaka, maambukizi ya masikio mara 4, majipu makubwa yanayorudi, au utando mweupe mdomoni usioisha baada ya mwaka wa kwanza. Nashtuka pia akimeza antibayotiki miezi 2 bila nafuu, au uzito ukigoma kupanda kwenye kadi. Waulize wazee kama kuna watoto wa ukoo waliofariki wakiwa wachanga. Swali linauma, ila usiliruke.

Sasa daftari. Andika tarehe, homa ilifika ngapi, wapi palipougua, dawa gani na kwa siku ngapi. Tunza picha zote za kifua. Nakumbuka mtoto wa miaka 2 aliyeletwa na nimonia ya tatu. Tulizipanga picha zake kwenye taa: doa lile lile, chini kulia, zote tatu. Kinga yake ilikuwa nzima. Kipande cha mdoli kilikuwa kimekwama kwenye njia ya hewa. Ugonjwa ukirudi palepale, pachunguzwe hapo kwanza. Na kikohozi cha usiku chenye kifua kinacholia filimbi mara nyingi ni pumu iliyopewa jina la nimonia.

Ugonjwa ukihamahama mwilini au ukiwa mkali, kinga ipimwe. Huanza na picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu seli za damu. Omba limfositi, seli nyeupe za kinga, zisomwe kwa viwango vya umri wake, maana idadi inayomtosha mtu mzima kwa mtoto mchanga ni ndogo mno. VVU vipimwe hata kama mama hakuwa navyo wakati wa ujauzito, kwani angeweza kuambukizwa akiwa ananyonyesha. Kisha hupimwa kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu: aina za IgG, IgA na IgM.

Mchanga mwenye maambukizi makali asiyekua asingoje daftari lijae, apelekwe leo. Na kabla ya chanjo za vijidudu hai, kama BCG (ya kifua kikuu) na matone ya polio, mwambie mchanjaji kwamba kinga yake inachunguzwa.