Jinsi ya kujua anwani 0 kwenye meinfremu ni ya CPU gani

Ukifungua dampu (nakala ya memori) ya z/OS, mfumo endeshi wa meinfremu za IBM, iliyotoka kwa mashine yenye CPU kadhaa, kabla hujasoma chochote pale anwani 0 jiulize kwanza hii sifuri ni ya nani, manake kila CPU ina sifuri yake.

Iko hivi. Intarapti (tukio linalokatiza kazi ya CPU) ikiingia, CPU inahifadhi PSW ya zamani, yaani rekodi ya hali yake na mahali programu ilipofika, kwenye anwani za chini na kuchukua mpya huko huko, mfano kwa SVC (programu ikiomba huduma ya mfumo endeshi) ya zamani inaenda 140 heksa na mpya inatoka 1C0, na hizo namba zimefungwa ndani ya hadwea, huzihamishi. Sasa memori ni moja, CPU mbili zikipata intarapti pamoja si moja itafuta ya mwenzake? Ndo maana IBM wakaweka prefiksi tangu System/360, yaani namba inayompa kila CPU eneo lake la memori la kutumia badala ya anwani za chini. Eneo lake zamani lilikuwa baiti 4096, kwenye z/Architecture, muundo wa meinfremu za sasa, ni 8192.

Kwa hiyo tafuta rejista ya prefiksi ya CPU unayoifuatilia, kama unajifunzia kwa Hercules, programu inayoiga meinfremu, andika tu pr. Tuseme imetoka 12000 heksa. Anwani riali (ile CPU inayoitumia kabla prefiksi haijaigusa) yoyote kuanzia 0 mpaka 1FFF unaijumlisha na prefiksi, yaani 1C0 inakuwa 121C0 kwenye memori yenyewe. Anwani zingine ziache kama zilivyo, isipokuwa kipande kimoja ambacho wengi wanakisahau kabisa: kuanzia 12000 mpaka 13FFF unatoa prefiksi, 121C0 inarudi kuwa 1C0. Ni kubadilishana mahali, na bila hivyo CPU hii isingeweza kabisa kuifikia sifuri ya kweli ya mashine, alafu anwani mbili tofauti zingeangukia baiti moja. Kipande hiki nakipenda sana, wamekifikiria vizuri mno.

Ukiwa unaandika kodi ya kuwasha CPU ya pili, jaza kwanza PSW mpya zote kwenye eneo lake ndo umpe prefiksi, la sivyo intarapti ya kwanza tu inarukia takataka. CPU yenyewe inajiwekea prefiksi kwa amri ya SPX. Ukitaka CPU moja imwekee mwenzake kwa SIGP, amri ya CPU kumtumia mwenzake ishara, huyo mwenzake lazima awe amesimamishwa, akiwa anakimbia inakataliwa.

Na usipige hizi hesabu kwa anwani za data za I/O, cheneli (njia zinazohamisha data ya I/O) hazipiti kwenye prefiksi ya CPU yoyote.